Bibi Harusi Atoka Mchana

Kabla ya adhana ya alfajiri, jiwe la kusagia la Bibi Wasila lilikuwa likizunguka jikoni, polepole, kwa mkwaruzo ule ule wa kila siku. Ghalia alilisikiliza akiwa amelala chumba cha ndani, nyuma ya pazia zito. Kwa siku ishirini na sita bibi yake alikuwa akiamka kabla ya jogoo kumsagia shayiri iliyokaangwa, akiichanganya na mafuta ya zeituni na kumlisha kwa mkono kama kifaranga, ili siku ya kupandishwa ngamia kupelekwa kwa mume awe amenawiri. Ghalia alikwisha zoea kuhesabu mizunguko. Ikifika mia, jiwe hutua, bibi akapumua, akaongeza shayiri.

Asubuhi hiyo mizunguko haikufika thelathini. Jiwe lilinyamaza ghafla.

"Nani anabisha saa hizi?" Bibi Wasila aliuliza. "Shelbia? Mbona umekuja na giza?"

"Nifungulie, Bi Wasila. Na useme polepole, mwari asisikie."

Bi Shelbia ndiye mpaka hina aliyemtawisha Ghalia. Siku ya kwanza alimvua viatu na kuvifungia sandukuni, ufunguo akaufunga kwenye ncha ya mtandio wake, maana mwari asiye na viatu haendi mbali. Jana yake alikwenda kulala kwake Gelala, kijiji cha wafinyanzi, saa moja kwa miguu kutoka hapo Sadwikesh. Gelala ndiko alikokuwa Sasi, mchumba wa Ghalia. Harusi ilibakiza siku nne.

"Natoka kwa Bi Rebha, mama yake Sasi," Bi Shelbia alinong'ona, lakini kunong'ona kwake kulikuwa kama kusema kwa watu wengine. "Kijana ameniita mwenyewe. Anasema neno alilotoa amelirudisha. Haji Miled ameachiwa binti yake, amtafutie mume mwenye mikono miwili."

Pazia lilifunguka. Ghalia alikuwa amesimama pale miguu mitupu, nywele zimefungwa kitambaa, hina ya jana bado nyekundu viganjani.

"Mikono miwili maana yake nini?"

"Ole wangu!" Bi Shelbia aliziba mdomo kwa mtandio. "Rudi ndani, mwanangu. Rudi, upepo utakupiga."

"Bi Shelbia, nimekuuliza."

Bi Shelbia alimtazama Bibi Wasila. Bibi alijifuta unga mikononi bila haraka, kisha akasema, "Mwambie. Amekwisha sikia nusu, na nusu ya neno huuma kuliko neno zima."

Basi akaambiwa. Sasi aliingia kwenye shimo la udongo peke yake, siku moja tu baada ya mvua. Mtoto yeyote wa Gelala anajua kwamba mvua ikinyesha, mashimo huachwa siku saba mpaka dari zake zikauke. Na bwana harusi haachwi peke yake hata kidogo. Ana rafiki zake wanaomwita sultani na kumlinda mchana kutwa mpaka siku ya harusi. Sasi aliwatoroka wakiwa wanakunywa chai. Alitaka udongo wa chini kabisa, ule mwororo, afinyange mtungi mkubwa wa chumba cha bibi harusi. Dari ikaanguka. Alipotolewa, mkono wa kulia ulikuwa umepondeka, na kule hospitali ya Humt Suk walimkata vidole vitatu.

"Lini?" Ghalia aliuliza.

"Juzi."

"Juzi! Na jana mmenikalisha hapa mnaniimbia, nakula zabibu?"

"Mwari hapelekewi habari mbaya," Bi Shelbia alisema. "Ndiyo ada. Mimi sikuitunga."

"Nani mwingine alijua?"

Bi Shelbia alianza kuikunja ncha ya mtandio wake. Ghalia akatambua kwamba walijua wote, hata baba. Akakumbuka jinsi bibi alivyomlisha jana, kijiko kimoja kimoja, huku macho yake yakikimbilia ukutani.

"Bibi, hata wewe?"

"Hata mimi," Bibi Wasila alisema. "Nilitaka ulale usiku mmoja zaidi. Nisamehe."

Ghalia aliketi kwenye mkeka. Bi Shelbia alisita, akakohoa, kisha akatoa lililokuwa limebaki.

"Na kuna jingine. Bi Rebha anasema mkosi huu umeitwa. Anasema yuko mtu aliyemtazama mwanawe kabla ya siku yake. Jumanne ya wiki iliyopita watu waliona kichwa juu ya dari ya nyumba hii, kinachungulia njia wakati Sasi anapita na punda. Nimemkatalia mpaka mate yamenikauka. Nimemwambia, mwari wangu? Niliyemchukulia viatu?"

"Kwenda darini hakuhitaji viatu," Ghalia alisema. "Nilikuwa mimi."

"Astaghfirullah!"

"Nilimtazama tangu mtini wa baba mpaka kisimani. Nikashuka. Hakuinua kichwa, na mimi sikumwita. Basi."

"Unaona sasa? Unaona? Siku zote hizi nakutunza kama yai, kumbe—"

"Bi Shelbia, dari ya shimo iliangushwa na mvua. Kama macho ya mtu yangekuwa yanabomoa mashimo, Gelala isingekuwa na mfinyanzi hata mmoja. Wanawake wote huwatazama."

Bibi Wasila alicheka bila kutaka, akageuza uso.

Kicheko kile ndicho kilichomleta Haji Miled, baba yake Ghalia. Alikuwa mfumaji wa mablanketi, mwembamba, mtu wa maneno machache, na nyuzi za sufu hazikumwisha ndevuni. Alisimama mlangoni akawatazama mmoja mmoja, akaelewa.

"Mmemwambia."

"Nataka kwenda kumwona, baba."

"Hapana."

"Amekatwa vidole na hata pole sijampa."

"Pole nitapeleka mimi. Ghalia, nisikilize. Mwanamume amelirudisha neno lake kwa kinywa chake. Leo ukimfuata, watu watasema binti wa Haji Miled anamkimbilia aliyemwacha. Watasema hakungoja hata siku nne zilizobaki. Utakuwa wimbo wa visimani."

"Waimbe. Sauti zao wenyewe mbaya."

"Usinifanyie mzaha!" Mara ya mwisho alipompandishia sauti, Ghalia alikuwa na miaka sita na amekata nyuzi za kitanda cha kufumia. "Sikukunyima kijana yule. Alikuja na ukoo wake, nikampa. Kama amebadili nia, heshima yako ni kukaa kimya ndani ya chumba kile."

"Hakubadili nia, baba. Ameona haya. Haya na kubadili nia si kitu kimoja. Wewe mwenyewe ulipovunjika mguu hukutaka mama akuone ukitambaa. Bibi amenisimulia. Na mama alikuja hivyo hivyo."

Haji Miled alimtupia mama yake jicho. Bibi Wasila akajishughulisha na unga.

"Mama yako alikuwa mke wangu," alisema hatimaye. "Wewe bado ni mwari. Ukivuka kizingiti hiki umeyavunja mapatano mwenyewe, na mimi sitakwenda kuyaomba upya kwa mtu."

"Basi nitakivuka mchana," Ghalia alisema. "Nikitoka sasa na giza watasema nimetoroka. Ngoja jua lipande. Nataka kila mwenye macho anione ninakokwenda."

Baba akaondoka. Punde wakasikia kitanda chake cha kufumia kikigongagonga kwa hasira, kasi kuliko kawaida.

Jua lilipofika juu ya ukuta, Ghalia alijitanda shuka jeupe. Bi Shelbia alikaa juu ya sanduku, makalio yote mawili, kama kuku anayeatamia.

"Sitoi viatu. Hata mnikate. Siku ishirini na sita za kukuficha jua, mwanangu! Utarudi umeiva kama mkate wa shayiri. Ngozi ile nimeihangaikia kwa mikono hii."

"Nimeziona kazi zako, Bi Shelbia, na sijazidharau. Lakini jua lilinijua kabla yako."

Bibi Wasila alikuja akichechemea, akapiga goti moja kwa tabu mbele ya mjukuu wake. Ghalia alitaka kumwinua, bibi akampiga kofi dogo la mkono. Akavua viatu vyake mwenyewe, vya ngozi, vilivyopasuka ubavuni, akamvisha Ghalia na kumfunga kamba za visigino.

"Vikubwa kidogo," alisema. "Burura miguu, usiinyanyue sana."

"Na wewe utavaa nini, bibi?"

"Mimi nakwenda wapi? Nenda. Na ukimkuta analia vidole vyake, mwambie kidole kimoja hakivunji chawa, lakini yeye amebakiwa na viwili mkono huo. Vinatosha."

Ghalia alivuka ua. Kitanda cha kufumia kilinyamaza. Aliusikia ukimya wa baba yake mgongoni kama mtu anavyosikia joto la tanuri, lakini hakugeuka. Akavuka kizingiti.

Mwanga ulimpiga usoni. Kwa siku zote zile alikuwa ameuona kupitia tundu la kupumulia tu, na sasa ulikuwa kila mahali, juu ya kuta nyeupe, juu ya mchanga, kwenye majani ya mizeituni. Macho yalimtoka machozi. Hapo akakumbuka kwamba hakuchukua hata kofia yake ya ukindu. Potelea mbali, alisema moyoni, akaendelea.

Hakuwa amefika mtini alipousikia mwendo nyuma yake. Viatu vya mtu mzima, mbali kama hatua hamsini. Akiongeza mwendo, navyo vinaongeza. Akisimama kurekebisha kamba, navyo vinasimama. Kisha mtu yule akakohoa, na kikohozi kile Ghalia alikijua tangu utotoni. Hakugeuka. Alijua akigeuka, baba itambidi aseme neno, na hakuwa na neno la kusema. Alikuwa na miguu yake tu, na ndiyo aliyomletea.

Njiani wanawake wawili waliokuwa wakichota maji waliacha kamba ikining'inia.

"Ee! Huyu si mwari wa Haji Miled?"

"Ndiye," Ghalia alijibu. "Hamjambo mama zangu."

"Unakwenda wapi juani, bibi harusi?"

"Nakwenda kumjulia hali mchumba wangu. Ameumia."

Walikuwa tayari kucheka. Kisha wakamwona aliye nyuma hatua hamsini, na vicheko vikafa. Mmoja wao, hata hivyo, alimkimbilia Ghalia na kata ya maji. "Kunywa, mwanangu. Njia bado ndefu." Ghalia akanywa yote.

Gelala ilikuwa na moshi wa matanuri na vigae vilivyomwagika kila pembe ya njia. Bi Rebha, mama yake Sasi, alikuwa amesimama langoni mikono kiunoni, kana kwamba habari zilimtangulia Ghalia kwa ndege. Mwanamke mfupi, mjane, aliyemlea mwanawe kwa kubeba kuni za tanuri mgongoni.

"Bibi harusi gani huja kwa miguu yake?" alisema. "Ngamia wetu alikuwa hajafa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba nitaitikia ukiwa kwenu. Hukutosheka kumtazama kutoka darini? Umekuja kutazama ulichofanya?"

Maneno yalimchoma Ghalia, lakini alikuwa ametembea saa nzima akiyangoja.

"Mama, darini nilipanda. Nimekuja kukuambia mwenyewe, usiambiwe na watu. Nilimtazama kwa sababu siku ziliniwia nyingi. Ukitaka radhi kwa hilo, nakuomba radhi. Lakini vidole vyake sikuvichukua mimi, na sitaubeba mzigo huo kuingia nao kwenye ndoa yangu."

"Ndoa gani? Amekuacha."

"Aniambie mwenyewe. Bi Shelbia hakuposwa, niliposwa mimi."

Bi Rebha alimtazama juu mpaka chini. Pengine alitaka kucheka, pengine kulia. Uso wake ulikuwa umechoka na siku mbili za kukesha. Hatimaye akasogea pembeni kiasi cha mtu mmoja kupita.

"Mlango utabaki wazi," alisema. "Na mimi nakaa hapo hapo."

Sasi alikuwa kwenye karakana, chumba kirefu kilichozama nusu ardhini, chenye baridi ya udongo. Alikaa kwenye kigoda kando ya gurudumu lake la kufinyangia, mkono umefungwa bendeji nyeupe, uso ameuelekeza ukutani. Aliposikia viatu vikiburuzika, hakugeuka.

"Nani huyo? Bibi Wasila?"

"Viatu ni vyake. Miguu ni yangu."

Mabega yake yalishtuka. "Ghalia! Toka. Hujui ni mwiko? Usinitazame."

"Nakutazama mgongo. Mgongo haumo kwenye mwiko."

"Si mzaha. Nimekwisha tuma neno."

"Nimelisikia. Lilikuja na giza, kama mwizi, nikalirudisha na jua. Lichukue neno lako, Sasi. Silitaki."

"Wewe hujaona mkono huu."

"Nionyeshe."

"Mfinyanzi bila vidole ni nini? Niambie. Mtungi huanza kwa gumba. Baba yangu, babu yangu, wote walianza kwa gumba. Mimi nitakaa hapa nikikanyaga gurudumu tupu, na wewe utanipikia kwa huruma mpaka uzee? Nenda, Ghalia. Nakuomba. Ungali mwari, bado utapata mtu."

"Mtu nimekwisha mpata. Tabu yake ni moja tu, anaongea na ukuta."

Akacheka. Kicheko kilimtoka bila idhini, kikaishia karibu na kilio. Ghalia alisogea hatua moja.

"Na kama ni mkosi," Sasi alisema kwa sauti ya chini, "mama anakulaumu bure. Mkosi niliuita mimi."

"Kwa kuingia shimoni?"

"Kabla ya shimo. Jumanne ile. Punda hakuwa na mzigo. Hukuona? Punda mtupu, siku isiyo ya soko, njia isiyo ya kwetu. Nilipita mara nne. Mara tatu za kwanza dari ilikuwa tupu. Mara ya nne niliona kivuli chako mchangani, mbele ya kwato za punda, na sikuinua kichwa kwa sababu niliogopa ungeshuka. Nilitembea juu ya kivuli kile polepole kama mtu anayevuka maji. Nikarudi nyumbani nikasema, mtu huyu nitamfinyangia mtungi ambao Gelala haijauona. Ndiyo maana sikungoja siku saba."

Mlangoni kitu kilianguka. Bi Rebha alikuwa ameangusha ufagio.

"Mara nne?" alisema. "Uliniambia punda amevunja kamba, unamtafuta!"

"Nilisema uongo, mama."

"Na mimi nimemtangaza binti wa watu kijiji kizima!"

Ghalia hakutaka kumshinda mwanamke yule. Ushindi wa namna hiyo ungemkalia kooni miaka yote watakayokaa nyumba moja. Alizungusha macho chumbani, na pembeni akaona bonge la udongo, kubwa kama mbuzi aliyelala, limefunikwa gunia. Gunia lilikuwa limekauka, na kingo za udongo zilianza kupauka na kupasuka.

"Ndio huu?"

"Ndio. Walionitoa walinitoa nimeukumbatia. Acha ukauke."

Ghalia alichukua dumu la maji kando ya gurudumu, akainama, akamwagia gunia polepole, upande huu na upande ule, akilibonyeza kwa viganja vyake vyenye hina mpaka maji yakapenya. Alirudia mara tatu. Maji yenye udongo yalimchafua shuka mpaka magotini. Sasi alikuwa amegeuka. Sauti ya maji ilikuwa imemgeuza, na sasa alikuwa akimtazama usoni, mbele ya mama yake, siku nne kabla ya siku.

"Umeungua jua," alisema.

"Nimeungua. Siku ya ngamia watu wataona mwari mweusi na bwana harusi wa vidole saba. Wakitaka kucheka, waje wale kuskusi kwanza."

"Ghalia."

"Mkono wa kushoto unao? Una gumba?"

"Unalo."

"Basi ufundishe. Hata ikiwa miaka miwili. Mimi nitaulinda udongo usikauke. Sasa nijibu hapo mama anaposikia. Neno lako umelichukua, au nitembee tena kesho kukuuliza?"

Sasi akauinua mkono wa bendeji, ule aliokuwa akiuficha, akauweka juu ya goti mahali ambapo Ghalia angeuona vizuri.

"Nimelichukua," alisema.

Ghalia alipotoka nje, jua lilikuwa utosini. Chini ya ukuta wa lango, kwenye ufito mwembamba wa kivuli, Haji Miled alikuwa amechuchumaa, na magotini amepakata kofia ya ukindu ya binti yake. Alikuwa ameibeba njia nzima. Karibu naye palikuwa na bakuli la maziwa na tini, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyeyaleta, ingawa Bi Rebha alikuwa na tone la maziwa kwenye mkono wa gauni.

Haji Miled aliinuka, akamtazama binti yake, shuka lake lenye tope, uso wake mwekundu. Akamvika kofia kichwani, akaiweka sawa kwa vidole viwili.

"Umechelewa kuikumbuka," alisema tu.

"Ndiyo, baba."

Walikwisha piga hatua kumi, na sasa walikuwa bega kwa bega, waliposikia sauti ya Bi Rebha nyuma yao. Haikuwa ile ya langoni asubuhi.

"Haji! Wewe Haji Miled!" Alikuwa amesimama katikati ya njia, majirani wote wakiwa milangoni, na alisema kwa nguvu ili wasikie hata wale wa matanurini. "Udongo ule unataka maji kila siku, na mgongo wangu hauinami tena. Mlete mwanangu huyu kesho. Mlete mchana, kama leo." Kisha akamgeukia Ghalia, akaishusha sauti. "Utakuja tena, mama?"